KUKABIDHI KAZI SI KUTUMA MTU

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Merigi



Wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana wa vikundi, asanteni kwa kuja. Tunajua kuna aliyeacha majani chai bila kuchuma asubuhi hii, na kuna aliyekamua ng'ombe gizani ili awahi. Kwa hiyo hatutazunguka sana. Katika mikutano iliyopita mmetuuliza swali moja mara nyingi: kwa nini kikundi kinafanya kazi vizuri mwaka mzima, halafu kinavunjika baada ya sherehe yake?

Hilo si jambo la kucheka. Kikundi kikivunjika, mama mjane anapoteza mahali pa kukopa karo. Akiba inagawanywa kwa hasira. Na majirani wanaokutana kila siku kisimani wanaanza kupita bila kusalimiana. Sisi tunaozunguka kutembelea vikundi tumeyaona hayo, na mara nyingi chanzo si wizi wala uvivu. Chanzo ni jinsi kazi zilivyogawanywa, au jinsi ambavyo hazikugawanywa kabisa.

Tuchukue mfano. Kikundi kimoja, ambacho jina lake halina haja hapa, kilikuwa na wanachama 28. Walitaka tanki la maji, wakapanga siku ya mchango. Mama mwenyekiti alikuwa hodari kweli kweli. Kadi aligawa yeye. Pesa za kadi zilikuja kwa simu yake. Mchele alinunua yeye, hema alikodi yeye, na wageni aliwaalika yeye. Siku mbili kabla ya sherehe presha ikampanda, akalazwa. Sasa nani anajua hema limelipiwa kiasi gani? Hakuna. Kadi ngapi bado ziko nje? Hakuna anayejua. Nambari ya siri ya simu? Anayo yeye tu, naye yuko kitandani.

Sherehe ilifanyika hivyo hivyo, na chakula kikapungua. Lakini si upungufu wa chakula uliovunja kikundi. Ni maneno yaliyofuata: pesa ziko wapi? Mama yule alikuwa mwaminifu, kila shilingi ilikuwepo. Lakini hakukuwa na mtu wa pili wa kusimama na kusema, "Nilihesabu pamoja naye." Wanachama 11 wakatoka, na mama mwenyewe akajiuzulu kwa uchungu. Alitumikia watu kwa nguvu zake zote, akarudi nyumbani na jina la mwizi.

Ndiyo maana tunasema leo: kugawa kazi si kumpunguzia kiongozi heshima. Ni kumlinda.

HARAMBEE ILIKUWA YA NANI?

Hapa Kenya tangu 1963, Mzee Jomo Kenyatta alipoifanya "Harambee" kuwa mwito wa taifa, watu wamejenga shule, zahanati na makanisa kwa mikono yao. Huyu alileta mchanga, yule mawe, mwingine jogoo wa kunadiwa. Kila mtu alikuwa na sehemu yake. Na kabla ya hapo, wazee wetu Wakipsigis walikuwa na kokwet. Mzee wa kokwet hakukaa peke yake akaamua mambo ya watu. Alisikiliza kwanza, kisha akasema lile ambalo mkutano umekubaliana. Kazi kama kujenga nyumba ya jirani ilikuwa ya kokwet nzima.

Baadaye harambee nyingi zikageuka. Zikawa siku ya kumngojea mgeni mmoja mkubwa aje na bahasha. Kikundi kizima kinakaa jua kali hadi saa tisa kwa sababu mheshimiwa hajafika. Julai 2024, Rais William Ruto alitangaza kwamba viongozi na watumishi wa serikali wasishiriki tena michango ya harambee. Mtu anaweza kulipokea tangazo hilo vyovyote, lakini kwetu lina fundisho: sherehe iliyotundikwa juu ya mtu mmoja, awe mgeni au mwenyekiti, huanguka naye. Kamba hukatikia pembamba.

MANENO MATATU: KUTUMA, KUTUPA, KUKABIDHI

Tukae kidogo hapa, maana hapa ndipo penye shida.

Kutuma ni kumwambia mtu, "Nenda Longisa ulete viti." Anaenda. Mwenye viti anamwambia bei imepanda. Hana ruhusa ya kukubali wala kukataa, kwa hiyo anarudi mikono mitupu kukuuliza. Kesho anatumwa tena. Huyo hana jukumu, ana safari tu. Na mwenyekiti aliyetuma watu ishirini bado ana kazi zote ishirini kichwani mwake.

Kutupa ni kusema, "Mambo ya chakula, akina mama mtajua wenyewe." Pesa ngapi? Mtajua. Wageni wangapi? Mtaona. Halafu wali ukipungua, mwenyekiti anasimama mbele ya watu na kusema, "Kamati ya chakula imetuangusha." Hapana, ndugu zetu. Hukuwapa kazi, uliwatupia mzigo.

Kukabidhi ni kumpa mtu kazi pamoja na uwezo wa kuifanya. Anajua mwisho wa kazi ni nini, ana pesa au vifaa vyake, anajua anaweza kuamua nini bila kukuuliza, na anajua siku ya kurudisha habari. Na jambo la mwisho, ambalo wengi wetu tunasahau: kikundi kizima kimesikia kwamba kazi hiyo ni yake.

MITUME WALIFANYAJE?

Wengi wetu tunaijua sura ya sita ya Matendo ya Mitume, lakini tuisome tena kama watu wa kikundi. Ugomvi ulikuwa wa nini? Wa chakula! Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Manung'uniko yakaanza, kama yanavyoanza kwetu nyuma ya jiko.

Tazameni hatua walizochukua. Mitume hawakukimbilia kugawa chakula wao wenyewe. Hawakuwafokea walionung'unika. Waliita mkutano, wakataja sifa za watu wanaotakiwa, na jamii yenyewe ikachagua saba. Majina ya hao saba yote ni ya Kigiriki. Maana yake ni kwamba kazi ilipewa upande ule uliokuwa unalalamika. Je, sisi tunafanya hivyo? Kwetu mwenye kulalamika tunamwita adui wa maendeleo. Kumbe pengine ndiye anayeona shimo ambalo wengine hatulioni.

Kisha Mitume wakawawekea mikono mbele ya wote. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumuuliza Stefano, "Na wewe ni nani wa kutupimia chakula?" Uwezo wake ulitolewa hadharani.

Kanisa limeendelea kufundisha hivyo. Papa Pius wa XI aliandika katika waraka wake wa 1931 kwamba jambo linaloweza kufanywa na jumuiya ndogo lisichukuliwe na iliyo kubwa zaidi. Kwa lugha ya Merigi: kama kamati ya maji inaweza kuamua mapipa mangapi, mwenyekiti asiende kuyahesabu upya.

MASWALI MATANO KABLA YA KUPEANA KAZI

Tuseme mnaandaa siku ya mchango kwa watu 150. Kabla ya kumkabidhi mtu kazi, jibuni maswali haya, na katibu ayaandike katika kitabu.

1. Kazi yenyewe ni nini hasa? Msiseme "kushughulikia chakula." Semeni "watu 150 wale wali, maharagwe na kabichi, na wawe wamemaliza kula kufikia saa nane." Hapo mwenye jiko anaweza kupiga hesabu. Kilo moja ya mchele ikitosha watu saba au wanane, atahitaji kilo 20. Anajua pia kwamba kuni kavu lazima zifike siku mbili mbele.

2. Nani anajibu? Jina moja. Kamati inaweza kuwa na watu watano, lakini anayejibu ni mmoja, na ana msaidizi anayejua kila kitu anachojua yeye. Kama kikundi kile cha mwanzo kingekuwa na msaidizi mmoja tu kwa kila kazi, ile presha isingekuwa msiba.

3. Ana nini mkononi? Pesa kiasi gani, sufuria za nani, vijana wangapi wa kuchota maji. Kumpa mtu jiko bila kumpa watu wa maji ni kumwonea.

4. Anaamua mpaka wapi? Mwambieni wazi: "Mchele ukipanda bei kidogo, nunua. Ukizidi bajeti kwa shilingi 500, piga simu kwanza." Mpaka huo unamwondolea mtu woga. Wengi wanakataa kazi si kwa uvivu, ni kwa kuogopa kulaumiwa kwa jambo ambalo hawakujua kama ni lao kuamua.

5. Habari zinarudi lini? Wekeni siku tatu: mwezi mmoja kabla, wiki moja kabla, na jioni ya kuamkia sherehe. Katika siku hizo kiongozi anauliza. Katikati ya siku hizo anamwacha mtu afanye kazi.

Tarehe pia mwipe mtu wa kuichunguza, msiichague tu mkutanoni kwa makofi. Mpeni mtu wiki moja azunguke na kuuliza. Bonasi ya chai italipwa lini? Kuna soko siku hiyo? Kuna harambee nyingine ng'ambo ya mto? Desemba familia nyingi zinashughulika na tohara ya vijana, na wakati wa kupanda mahindi hakuna mwenye nafasi wala pesa. Na kama kuna wenzenu Wasabato, Jumamosi mnawafungia mlango ninyi wenyewe.

"LAKINI MANAHODHA WENGI..."

Tunasikia mzee mmoja huko nyuma akisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, mzee. Lakini angalia: chombo huenda mrama watu wengi wakishika usukani mmoja. Sisi hatusemi hivyo. Tunasema mmoja ashike usukani, mmoja tanga, mmoja achote maji yanayoingia. Ghasia inakuja pale mwenyekiti anapoacha usukani na kwenda kumnyang'anya mwenzake tanga.

Hilo tumeliona mara nyingi. Mtu amekabidhiwa viti, amevipanga vizuri. Mwenyekiti anakuja asubuhi, hapendi, anaita vijana wavipange upya mbele ya watu. Mwaka ujao mtu huyo hatakubali kazi yoyote. Kama kuna jambo la kurekebisha, mwite pembeni umwambie yeye, naye ndiye awaambie vijana. Na kama viti vimepangwa tu tofauti na ulivyopenda wewe, basi kaa juu ya kimoja upumzike!

TUMPE NANI?

Tuna mazoea, tuyaseme wazi. Akina mama wanapelekwa jikoni, wazee wanawekwa meza kuu, vijana wanabeba viti. Mwaka baada ya mwaka hali ni ile ile. Matokeo yake, mama anayejua bajeti ya nyumba hadi shilingi ya mwisho hajawahi kuulizwa habari za bajeti ya kikundi, na kijana aliyemaliza sekondari anaondoka kwa sababu hakuna aliyempa kazi ya akili.

Wape vijana orodha ya kadi na kumbukumbu za simu. Wape wanaume maji na kuni, ni kazi nzito na ni halali yao. Na msimwache nje mtu asiyesoma. Mama anaweza kuongoza jiko kwa kuhesabu madebe ya maji kwa punje za mahindi, punje moja kwa kila debe linaloingia, na jioni akatoa hesabu sawasawa.

Angalieni pia mtu mkimya. Anayesema sana mkutanoni si lazima awe anayetimiza. Mpeni mkimya kazi ndogo kwanza, mkaone. Akiimaliza, mwaka ujao mpeni kubwa. Hivyo ndivyo kiongozi mpya anavyozaliwa. Mtu hajifunzi uongozi kwa kukaa kwenye benchi akimtazama mwenyekiti akitoka jasho.

PESA ZISIKAE KWA MTU MMOJA

Hapa hakuna mzaha. Kazi zote zinaweza kugawanywa kwa urafiki, lakini pesa zigawanywe kwa utaratibu.

Anayepokea asiwe yeye anayeandika, na anayeandika asiwe yeye anayetumia. Siku ya mchango wawili wahesabu, wa tatu aandike, na wote watatu watie sahihi. Jumla isomwe kwa sauti kabla watu hawajaondoka, fedha taslimu mbali na ahadi mbali, maana ahadi bado si pesa. Michango ya simu iingie katika akaunti ya kikundi, si laini ya mtu. Kila kadi iwe na nambari, na orodha ionyeshe nani alichukua kadi gani. Jumatatu, watu wawili waende benki.

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, chenye katiba na viongozi. Lakini katiba iliyolala ndani ya sanduku haimlindi mtu. Wekeni taratibu hizi za pesa ndani yake, kisha mzifuate hata kama mweka hazina ni ndugu ya padri.

SIKU YENYEWE, MWENYEKITI AFANYE NINI?

Asiwe na sufuria, asiwe na kitabu cha risiti. Kazi yake ni kutembea. Asalimu wageni, apite jikoni aulize, "Mnahitaji nini?" Aangalie kama wazee wamepata kivuli na kama wanaopika wamekula. Jambo likiharibika, yeye ndiye aliye huru kwenda. Mwenyekiti aliyefungwa kwenye kazi moja haoni nyingine zinazoanguka.

Na wakati wa shukrani, msimshukuru mgeni wa heshima peke yake. Tajeni watu kwa majina na kazi zao: huyu alisimamia maji, yule alisimamia kadi. Waiteni wale wa jikoni watoke nje, watu wawaone, wapigiwe makofi.

KAZI INAYOSAHAULIKA

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Profesa Wangari Maathai na Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Ilikuwa sherehe kubwa. Lakini kati ya miti hiyo saba, mitano ilikufa. Kazi ile haikuishia hapo. Ikawa Green Belt Movement, na ikaenda vijijini kwa vikundi vya akina mama. Kila kikundi kilikuwa na kitalu chake, kilitunza miche yake, na kilipewa malipo madogo kwa miche iliyoshika, si kwa miche iliyopandwa tu. Alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, miti iliyopandwa ilikuwa kiasi cha milioni 30.

Siku ya kupanda watu hujaa. Siku ya kumwagilia, unabaki na nani? Ndivyo ilivyo kwa mchango wetu. Sherehe ikiisha kuna ahadi za kufuatwa, sufuria za watu za kurudishwa, deni la hema, barua za shukrani, na tanki lenyewe la kununua. Kwa hiyo, mnapogawa kazi siku ya kwanza, gaweni pia kazi za baada ya sherehe, kwa majina. Na wekeni mkutano wa hesabu ndani ya siku 14. Wanachama wote waje, kitabu kifunguliwe, kila mwenye kazi aseme alipewa nini, alitumia nini, na nini kimebaki. Maneno ya barabarani hayapati nafasi mahali ambapo kitabu kiko wazi.

Kidole kimoja hakivunji chawa, tunasema hivyo kila siku. Basi tuviache vidole vingine vifanye kazi. Mungu awabariki, na Merigi ipate maji.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika sherehe yetu iliyopita, ni kazi gani tulizikabidhi, zipi tulituma, na zipi tulitupa tu?

2. Mwenyekiti wetu akiugua leo, ni mambo gani ambayo hakuna mwingine anayeyajua? Tupange nani ayajue kabla ya mkutano ujao.

3. Ni nani katika kikundi hajawahi kupewa jukumu? Kwa nini? Tutampa lipi?

4. Ni ahadi gani za mchango uliopita ambazo bado hazijafuatwa, na nani atazifuata?